Barabarani simba, vichochoroni nasukuma

BARUA

Mshauri, as-salaam aleikum.

Mimi ni mwanamume wa miaka 49, mkaazi wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, baba wa watoto wanne na babu wa mmoja. Jambo ninalokuandikia sijamwambia mtu. Ukilichapisha, naomba jina langu lisitajwe, maana mtaa wetu ni mdogo na baraza zake zina masikio.

Mwaka jana nilinunua pikipiki, Boxer ya 150, kwa mpwa wangu aliyekuwa akienda kutafuta maisha Uarabuni. Kazi yangu iko Mtwapa, kwenye stoo ya hoteli, na nilikuwa nimechoka kukaa kwenye matatu kila asubuhi nikitazama kisogo cha mtu. Shule ya udereva niliyopitia ilinipeleka mstari ulionyooka mara mbili, nikapinda kona moja, nikaambiwa nimeiva. Leseni ninayo.

Sasa sikia maajabu. Nikishavuka daraja la Nyali na barabara ikafunguka, mimi ni simba. Nafika themanini na sina wasiwasi hata chembe. Lakini mwendo ukishuka ukawa kama wa mtu anayetembea, mikono inakakamaa, usukani unacheza kama una mashetani, na miguu inashuka chini yenyewe bila kuambiwa. Kongowea siku ya soko, mikokoteni huku na tuktuk kule, natoka jasho hadi kwenye viatu. Kugeuza barabarani bila kushuka sijapata kuweza. Na nikirudi nyumbani, nikifika karibu na Ngome nazima injini, nashuka, naisukuma hadi mlangoni. Kila jioni. Mtoto wa jirani, ana miaka sita, huniuliza, "Ami, leo tena mafuta yamekwisha?" Namjibu ndiyo. Juzi akanipa shilingi kumi nikanunue.

Hayo ningeyavumilia. Lililonifanya nishike kalamu ni la Likoni. Ijumaa mbili zilizopita tulialikwa harusi ng'ambo, mimi na mke wangu, naye amepakata sinia la vileja. Ferini tulishuka salama, yeye kwa miguu na mimi na pikipiki yangu. Juu kule, mbele ya kituo cha matatu, akapanda, upande kama kawaida yake. Nimeondoka tu, hamali akakata mbele yangu na mkokoteni. Nikabana klachi, nikakunja usukani kumkwepa, nikashika breki ya mkono. Pikipiki ikalala kama ng'ombe aliyechoka. Polepole kabisa, mshauri, kobe angetupita. Mke wangu hakuumia, alhamdulillahi, ila buibui ilichanika kutoka gotini hadi kwenye pindo, na vileja vikaishia chini ya magurudumu ya matatu. Hakusema neno. Alijipangusa, akaita tuktuk, akaenda harusini. Hadi leo hapandi, na hajasema kwa nini hapandi.

Kijana wangu mkubwa ananiambia niiuze. Vijana wa boda hapa steji wanasema nikaze roho na nitie mafuta, kwamba ikienda kasi haianguki. Nami nimekua nikiambiwa mwenda pole hajikwai. Mbona mimi najikwaa nikienda pole tu? Ni uoga? Ni uzee? Au kuna kitu sikijui?

Msukuma Pikipiki, Kibokoni

JIBU

Wa aleikum salaam, kaka yangu.

Kuna kitu hukijui, na hukijui kwa sababu hukufundishwa. Uzee uondoe kabisa kwenye hesabu. Miaka 49 bado. Uoga upo, lakini umekuja baadaye, umeitwa na mikono isiyojua la kufanya. Nimefundisha watu pikipiki miaka mingi kwenye viwanja vya vumbi, na wenye shida kama yako ni wengi mno, ingawa wengi wao huanza kwa kusema wanamuulizia rafiki yao. Wewe angalau umejisemea mwenyewe.

Huyo aliyesema mwenda pole hajikwai alikuwa akitembea kwa miguu. Pikipiki ina sheria yake. Ikiwa kasini, kila inapotaka kuinama upande mmoja, gurudumu la mbele hujikunja kidogo upande uleule na kurudi chini ya uzito, na jambo hilo hufanyika mara nyingi kwa dakika bila wewe kulihisi. Mwendo ukipungua, usukani unahitaji kukunjwa zaidi, huku na huku, ili kufanya kazi ileile. Basi hayo mashetani unayoyaona kwenye usukani ni pikipiki inajitafutia mizani. Wewe unakakamaza mikono ili kuyazuia, na ukifaulu kuyazuia ndipo unapoanguka. Legeza viwiko. Shika vishikio kama unavyoshika mkono wa mtoto mnapovuka barabara: hatoki, lakini humuumizi.

Vijana wa steji wana ukweli nusu. Ni kweli ikienda kasi haianguki ovyo. Ila kasi hiyo ukiileta Kibokoni utaenda kumgonga nayo yuleyule mtoto mwenye shilingi kumi.

Turudi Likoni, maana pale umeniandikia ugonjwa wote kwa mistari miwili bila kujua. Ulibana klachi, ukakunja usukani, ukashika breki ya mkono. Yaani ulikata nguvu ya injini, ukapindisha gurudumu la mbele, kisha ukalisimamisha likiwa limepinda, na abiria amekaa upande. Hata mimi ningelala hapo.

Wewe ni mtu wa Mji wa Kale, bandari ya majahazi iko karibu na mlango wako, kwa hivyo nitakueleza kwa lugha ya huko. Jahazi lenye upepo tangani hushika usukani. Ukigusa kidogo linakusikia. Tanga likilegea, nahodha azungushe usukani hadi mkono umuume, chombo hakimsikilizi, kinayumba tu na kila wimbi linakifanya litakavyo. Upepo wa pikipiki ni ule mvuto wa injini kwenye gurudumu la nyuma. Mvuto ukiwepo, hata kidogo, pikipiki inasimama wima na inakusikia. Ukibana klachi yote, umeshusha tanga katikati ya mkondo. Watu wengi wakitaka kwenda pole hufanya hivyohivyo: wanaondoa nguvu. Anayejua huiacha nguvu ipo, halafu anaizuia kwa breki ya nyuma.

Hiyo ndiyo siri yote, na sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Yanayobaki ni kuzoesha viungo.

Mkono wa kushoto unakaa kwenye nusu klachi. Hapo pana upana kama wa kucha, kati ya mahali klachi inapoanza kushika na mahali ilipokwisha kushika, na utaishi ndani ya upana huo. Mkono wa kulia unatia mafuta kidogo, yakae palepale, mlio usipande wala kushuka. Mguu wa kulia unakanyaga breki ya nyuma kwa wepesi, kama unakanyaga kidole cha mtu usiyetaka aamke. Ukitaka kwenda polepole zaidi, ongeza mguu. Ukitaka kuongeza mwendo, punguza mguu au achia klachi kidogo. Mkono wa mafuta usiubughudhi. Utasikia injini inavuta na breki inazuia, pikipiki imekazika katikati yao kama kamba inayovutwa pande mbili, na ghafla itatulia chini yako. Siku ukiisikia hali hiyo utacheka peke yako.

Utaambiwa nusu klachi inaunguza sahani. Kwenye gari ni kweli. Kwenye pikipiki kama yako sahani za klachi zimo ndani ya oili ya injini, zinapozwa, na mazoezi ya dakika chache kisha mapumziko hayaziui. Ukisikia harufu ya kuungua, zima, kaa kivulini, kunywa dafu, uendelee injini ikipoa. Lakini mlimani, foleni ikisimama, usiishikilie pikipiki kwa klachi. Ishikilie kwa breki ya mguu. Huko ndiko klachi huuliwa.

Breki ya mkono ndiyo nzuri kuliko zote ukiwa kasini kwenye barabara yako ya Mtwapa, usije ukasema nimekuambia uiogope. Ila mwendo ukiwa wa mguu na usukani umekunjwa, vidole viwe mbali nayo. Ukiibana hapo, shokamzoba za mbele zinazama, uzito wote unahamia kule gurudumu lilikopinda, na pikipiki inakwenda chini kabla hujasema bismillahi. Ukitaka kusimama katika mwendo huo, nyoosha usukani kwanza, breki ya mguu, kisha mguu wa kushoto ndio unaoshuka. Wa kulia unabaki kwenye breki. Wanaoshusha yote miwili wameachia breki yenyewe waliyokuwa wakiihitaji.

Nimekuona kwa mbali ukienda na miguu imening'inia pande zote mbili, ikipiga kasia kwenye lami. Sikukuona wewe hasa, lakini nimewaona wenzako mia. Acha hiyo. Miguu ikining'inia, hakuna breki ya nyuma, magoti yameachana na tangi, na kidole kikinasa kwenye shimo au kwenye ukingo wa kabro, yale matofali ya barabarani, unavunjika mguu kwa mwendo wa kobe huyohuyo. Pandisha miguu mara tu magurudumu yanapozunguka mara ya kwanza, kisha bana tangi kwa magoti. Ukibana kwa magoti, mikono inalegea yenyewe. Mwili lazima ushike mahali pamoja.

Halafu macho. Nikuulize: siku ile ulikuwa unatazama nini? Najua, mkokoteni. Na ulipoona unaanguka ulitazama chini, ukaenda chini. Pikipiki ni kama mbuzi wa kufugwa, inamfuata mwenye nyumba anakotazama. Ukitaka kugeuza, geuza shingo hadi kidevu kifike begani, tazama mlango unaotaka kutokea, na uuachie usukani ufuate. Inaonekana upuuzi mpaka ujaribu. Nina wanafunzi waliohangaika na kona moja asubuhi nzima, nikawashika helmeti nikawageuza kichwa kwa mkono, wakapita.

Sasa mazoezi. Kabla ya yote mpelekee fundi pikipiki akutazamie mambo machache, kwa sababu pikipiki ya kununua kwa mpwa huja na siri za mpwa. Cheni ikilegea sana, mwendo wa chini unakuwa wa kushtuka-shtuka na utajilaumu bure. Katikati yake icheze kama sentimita mbili hadi tatu. Waya wa klachi ulainishwe na urekebishwe vidole vyako viufikie bila kujinyoosha. Bearing za usukani ziwe zinazunguka laini, zisiwe na mahali pa kukwama katikati. Matairi yawe na upepo ulioandikwa. Basi.

Tafuta uwanja mtupu wenye ardhi ngumu, ukiuliza ruhusa ya mwenyewe, asubuhi mapema Jumapili jua halijawa kali. Epuka mchanga na nyasi zenye umande kwa sasa. Chukua ndara kuukuu, jozi sita au saba, kila nyumba ya Mombasa haizikosi. Wengine hutumia mawe au chupa. Mimi nataka ndara kwa sababu gurudumu likizikanyaga halitelezi wala kuruka, na mtu akizikosa anacheka badala ya kushtuka.

Siku ya kwanza usiende popote. Washa, gia ya kwanza, miguu yote chini, usitie mafuta kabisa. Achia klachi taratibu hadi uhisi pikipiki inataka kuchukua hatua, kisha ibane tena. Isogeze shubiri moja, uisimamishe. Tena. Tena. Fanya hivyo dakika kumi au kumi na tano hadi kiganja kijue chenyewe mahali klachi inaposhikia, kama mkono wa mpika chapati unavyojua unga umetosha maji. Utaona unapoteza muda. Huupotezi, hicho ndicho kitu shule yako iliruka.

Kisha mstari ulionyooka. Hapa nitakupeleka Japani. Mtihani wao wa leseni ya pikipiki una kipimo cha ubao, kama daraja jembamba: urefu mita 15, upana sentimita 30, umeinuka sentimita 5 kutoka chini. Mtahiniwa anapita juu yake bila kudondoka, na hashindani kuwahi, anashindana kuchelewa. Kwa leseni ya pikipiki za kawaida anatakiwa atumie sekunde 7 au zaidi. Kwa zile kubwa, sekunde 10 au zaidi. Akiwahi anakatwa alama, akidondoka amekwisha. Nimeupenda mtihani huo kwa sababu unapima kitu chenyewe, haumpimi mtu kama anaweza kuvuta mafuta.

Chora ubao wako kwa chokaa au kwa ncha ya fimbo, huhitaji kuuinua. Mita 15 ni hatua kama ishirini za mtu mzima. Mtu ahesabu, au uhesabu mwenyewe kwa sauti. Mara ya kwanza utapita kwa sekunde nne na utatoka nje ya mstari. Ukifika 7 umeshaanza kuendesha. Sekunde 10 ni kama kilomita tano na nusu kwa saa, mwendo wa mtu anayetoka msikitini asiye na haraka, na ukiufikia huo bila kushusha mguu, Kongowea itakuwa barabara pana. Usiharakie kufika 10. Wengi huchukua asubuhi tatu au nne.

Baada ya hapo ndipo duara. Panga ndara zako mduara mpana, uzunguke kushoto mpaka uchoke, kisha kulia. Kulia utaona pagumu zaidi, usishangae: usukani ukikunjwa kulia, mkono wa mafuta unasukumwa kuelekea kifuani, na ukijisahau unatia mafuta bila kukusudia. Inua kiwiko, shika kwa vidole. Kwenye duara hili kuna jambo linalopingana na lile unalofanya ukiwa kasini. Kasini unainama pamoja na pikipiki. Hapa unaiacha pikipiki iiname chini yako na wewe unabaki wima, hata unasogeza kalio kidogo upande wa nje, kama mtu aliyekaa kwenye ngalawa anavyoegemea upande wa pili chombo kikilala. Pikipiki ikiinama zaidi inageuka mahali padogo zaidi, na uzito wako upande wa pili unaizuia isianguke. Punguza mduara kila siku kwa ndara moja. Waingereza katika mtihani wao wanamtaka mtu ageuze ndani ya mita 7.5, ukifika hapo unaweza kugeuza kwenye barabara nyingi za kisiwani, gari likiwa halijaegeshwa vibaya, jambo ambalo sikuahidi.

Ukimaliza duara, unganisha mawili upate nane. Nane ndiyo kila kitu kwa pamoja: macho yanahama, uzito unahama, mguu haubanduki kwenye breki. Fanya nane ishirini kila asubuhi ya mazoezi na uache mazoezi mengine yote ukitaka.

Itaanguka. Nakuambia mapema ili usije ukaichukulia kama ishara. Pikipiki yako ina zaidi ya kilo mia moja, na ikishapita pembe fulani huwezi kuirudisha kwa nguvu za mkono. Atakayejaribu anateguka bega au anateguka mgongo. Iache ilale, toa mguu, ondoka. Zima injini, angalia kama petroli inavuja. Kuinyanyua: ipe mgongo, makalio kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani uliokunjwa upande iliyolalia na mwingine kwenye fremu nyuma, kisha tembea kinyumenyume kwa miguu, usitumie kiuno. Na hata uwanjani vaa helmeti, viatu vya kufunga na suruali nzito. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilimwaga trei tatu za mayai Mwembe Tayari, mayai 90 ya mteja, kwa sababu ya breki hiyohiyo ya mkono na usukani uliopinda. Niliyalipa yote. Wauza kahawa wa pale waliniita Kiwanda cha Keki hadi nilipohama.

Ukitoka uwanjani, rudi mtaani kwa ngazi. Anza Ndia Kuu baada ya sala ya alfajiri, maduka hayajafunguliwa na watoto hawajatoka. Kabro ikiwa na maji au magamba ya samaki inateleza, ipite wima bila breki ya ghafla. Kona usiyoona ng'ambo yake, simama, piga honi fupi, upite. Na hili nikuambie kama mtu mzima mwenzio: kuna vichochoro huko kwenu ambavyo hata mimi nazima na nasukuma. Penye kinamama wamekaa barazani na mtu anapita kwa ubavu, kuzima injini ni adabu tu, hakuna aibu ndani yake. Tofauti ni kwamba wewe ulisukuma kwa kuwa huna njia nyingine. Ukishakuwa nayo, sukuma utakapo.

Ferini na pale juu yake acha pawe pa mwisho. Maji yakipwa njia ya kutokea inakuwa na mwinuko mkali, chuma kimelowa, na nyuma yako kuna umati unaokusukuma kwa macho. Subiri hadi uwe na nafasi ya mbele, ishike kwa breki ya mguu, leta klachi hadi uisikie imeshika na mbele ya pikipiki imejikaza, ndipo uachie breki. Usiruhusu anayekupigia honi akupangie saa ya kuondoka.

Nimemwacha mke wako nyuma makusudi, kwa sababu humo ndimo ulimoniandikia kwa uchungu zaidi.

Hukupaswa kumpakia siku ile. Mtu asiyeweza kugeuza peke yake asibebe mwenzake. Abiria anakaa juu na nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na akikaa upande, uzito wake wote uko nje ya mstari kabla hata hujaondoka. Kasini husikii. Katika mwendo wa mguu ni kama mtu anakuvuta bega. Kwa hiyo kabla ya kumwomba apande tena, funga nyuma madumu mawili ya maji ya lita 20, kila upande moja, yamejaa pomoni ili maji yasichezecheze. Hizo ni kilo 40. Pita nazo ule mstari wako kwa sekunde 7, zungusha nane zako. Kisha toa dumu moja, la upande wowote, ujaribu tena na lililobaki. Hapo utajua amekuwa akikubebesha nini kila akikaa upande, na utajua pia yeye alikuwa akijishikilia na nini.

Akikubali kupanda, akae kwa kutanua miguu, suruali ndani ya buibui, na buibui yenyewe aikunje aikalie, pindo lisining'inie. Nguo iliyoingia kwenye cheni au kwenye spoki haitoki kwa upole, na ajali hiyo ni mbaya kuliko ile yenu ya Likoni mara kumi. Akishikilia kwamba atakaa upande, usibishane naye, mwitie tuktuk. Helmeti ziwe mbili na jaketi za kumetameta mbili, sheria inataka hivyo kwa dereva na kwa abiria wake mmoja. Mweleze kabla ya kuondoka: aketi karibu nawe, akushike kiunoni, mkipinda atazame juu ya bega lako la upande mnakopinda, na mkisimama asishushe mguu. Sinia lifungwe nyuma. Vileja havipakatwi kwenye pikipiki.

Lakini hayo yote yanakuja baada ya kumwambia. Umeniandikia mimi nisiyekujua kwamba kila jioni unasukuma pikipiki na kusingizia mafuta. Yeye, anayekufungulia mlango, hujamwambia. Huenda anaamini ulikuwa unaendesha kwa uzembe, kwa sababu kwake yeye, mtu anayeenda themanini njia ya Mtwapa haangushwi na mkokoteni Likoni ila kwa uzembe. Mwambie hujui kwenda pole na kwamba unajifunza. Mwalike siku moja uwanjani akuhesabie sekunde, akae kivulini na chai yake. Anayekuhesabia utakavyoshindwa mara ishirini na kupata ya ishirini na moja hataambiwa na mtu kama sasa unaweza, ataona. Kijana wako mwambie asubiri mwezi mmoja kabla ya kutafuta mnunuzi.

Shilingi kumi ya mtoto irudishe, na umzungushe uwanjani akiwa mkubwa wa kufikia vikanyagio, si sasa.

Na ile buibui. Nunua mpya kabla ya somo la kwanza, usingoje umalize, na usimpe ukiwa umeshika helmeti ya pili mkononi.